Siku Teretia Aliposimama Mbele ya Wazee

Umewahi kunyamaza mbele ya dhuluma, halafu ukajiita mwenye adabu? Teretia alifanya hivyo kwa miaka kumi na sita, na kijijini kwao, katika kisiwa cha Nonouti, walimsifu kwa hilo.

Alikuwa mtoto wa kutazama chini. Mwalimu akimtaja jina darasani, alisimama kama walivyofundishwa, akajibu kwa sauti ya mtu anayetoa siri. Baba yake, Kaitara, alikuwa mkimya kumshinda. Babu ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo. Katika maneaba, ukumbi mkubwa wa kijiji, kila ukoo una pake pa kukaa, na mmoja tu huwasemea wenzake. Babu alipofariki, Kaitara alirithi nafasi hiyo, akaikalia miezi mitano bila kutoa neno.

Mwaka huo wazee waliamua maneaba iezekwe upya kwa majani ya mkadi kabla ya sikukuu ya kanisa. Kazi wakawapa wanafunzi, wiki mbili nzima. Katikati ya wiki hizo ulikuwapo mtihani wa kidato cha tatu, na asiyeufanya, masomo yake yangeishia hapo. Mwalimu alikuwa mgeni kutoka kisiwa kingine. Hakuwa na pa kukaa katika maneaba, kwa hiyo hakuwa na pa kusemea. Wanafunzi ishirini na mmoja wakabaki kunung'unika huku wakichambua majani.

"Mtihani upi?" alisema Uriam, mcheshi wa darasa. "Tutaulizwa jani moja lina miiba mingapi."

Walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Teretia alimwambia aende basi akawaeleze wazee.

"Mimi? Babu yangu atanichuna ngozi aezekee. Nenda wewe, bibi mnong'ono."

Neno hilo lilimchoma. Jioni alimwomba baba yake awasemee. Kaitara alikuwa akinoa kisu chake.

"Mimi maneno hunikwama, mama," alisema. "Kesho kaa nyuma yangu. Nitakupa zamu yangu."

Kesho yake, siku moja kabla ya mtihani, koo zote zilikaa mahali pake, vijana nyuma ya wakubwa wao. Kaitara aliomba nafasi, akasema binti yake ana neno. Teretia akafanya alichozoea shuleni. Akasimama.

Katika maneaba mtu husema akiwa ameketi. Kusimama juu ya vichwa vya wazee ni kuwatukana. Minong'ono ikaenea ukumbini.

"Kaitara," aliuliza Mzee Bauro, mkuu wa kikao, kwa upole wa kutisha, "binti yako amesimama ili atuhesabu?"

Watu wakacheka. Teretia alitambua kosa lake, na uso ukamwaka moto. Ukumbi hauna kuta, angeweza kukimbia. Akaketi.

"Nimekosa, babu. Nisameheni," alisema. "Lakini mtihani ni kesho. Paa likichelewa, mtaliezeka wiki ijayo. Sisi hatutapewa mtihani mwingine."

Safari hii sauti yake ilifika hadi nguzo za mwisho. Kisha Uriam, ameketi nyuma ya babu yake, akasema kwamba neno hilo ni lake pia. Babu akageuka kumkazia macho, na mvulana hakuinamisha kichwa. Msichana mmoja upande wa pili akafuata, kisha mwingine, mpaka wote ishirini na mmoja wakawa wamesema, kila mmoja ameketi mahali pa ukoo wake.

Wazee walijadiliana hadi adhuhuri. Mzee Bauro akatoa uamuzi: watoto waende kwenye mtihani, na majani yatashonwa na watu wazima. Ila ukoo wa Kaitara ulipe nguruwe, kwa kuwa binti yao alisimama. Kaitara alikubali kwa kichwa. Njiani kurudi nyumbani hakumlaumu mwanawe hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata, karatasi zikigawiwa, Teretia alitazama nje dirishani. Baba yake alikuwa akipita kwenye njia ya mchanga, amembeba mabegani nguruwe wao wa pekee, miguu imefungwa kamba, akielekea maneaba.