Gharama za Safari

Maneno yaliyomchafua roho Anyelwisye yaliandikwa kwa wino wa bluu kwenye daftari la kijiji: "Gharama za safari, shilingi mia tatu." Aliyasoma mara mbili. Akavua miwani, akaipangusa, akayasoma tena, kana kwamba wino ungeona haya na kujifuta.

Alitoka Tukuyu miaka kumi na miwili nyuma, na tangu vijiji vya Ufipa vianze kumiliki malori, yeye ndiye aliyefundisha vijana udereva na kukagua hesabu za magari kwa niaba ya wilaya. Pasipo saini yake, dereva aliyepigwa faini harudishiwi ufunguo. Leo, katika ofisi ya kijiji jirani na Pito, Theodory aliketi mbele yake akingojea ufunguo huo.

"Hizi mia tatu si faini ya mahakamani?"

"Ndiyo, mzee. Ya kupakia abiria juu ya magunia."

"Nani kalipa?"

"Kijiji." Kijana akatabasamu. "Gari letu sote, mzee, na faini yetu sote. Si ndiyo ujamaa? Halafu faini ni kama mafuta tu: unajaza, unaondoka."

Anyelwisye alipiga meza, kidau cha wino kikaruka. "Mafuta yanakusogeza, we bwana mdogo! Faini imekusogeza mpaka wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji, Ignasi, aliyeketi kando yao, akakohoa. "Taratibu, mwalimu. Kosa dogo hilo. Weka saini, mahindi yanangoja gari."

"Yalingoja siku tisa, gari liko polisi! Mvua za kwanza zikayakuta nje, magunia kumi na moja yakaota ukungu. Mkakodi lori la mtaa wa Majengo, kule mjini, kwa mia nne na hamsini. Hiyo nayo mmeiita nini? Sadaka?"

Mlangoni alikuwa amesimama mjane mmoja, Fransiska, akitoka kubomoa ntumba zake, yale matuta ya duara ambamo majani hufukiwa tangu masika yaoze yawe mbolea. Alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu, mia tatu ni debe ngapi za ulezi?"

"Kumi na mbili, mama."

"Mimi mwaka mzima nimepata tisa." Akamgeukia Theodory. "Safari yenyewe ilikuwa ya wapi, mwanangu, mbona mimi sikupanda?"

Tabasamu la Theodory liliyeyuka. "Waliopanda ni shemeji zake mwenyekiti, walikuwa wanakwenda harusini. Nilikataa, mama. Akaniambia gari si la baba yangu."

Hapo hasira ya Anyelwisye ikatulia, na ilipotulia ilitisha zaidi. Alikata "gharama za safari" kwa mstari mmoja. Chini yake akaandika: "Faini na lori la kukodi, mia saba na hamsini. Theodory nusu, Ignasi nusu."

"Futa jina langu," Ignasi alisema. "Usisahau ni nani anayepeleka ripoti yako wilayani."

"Ipeleke. Na hili uliandike humo: nimekataa kufuta."

"Lakini mimi nilitumwa, mzee," Theodory alisema.

"Usukani alishika nani?"

Anyelwisye akaigeuza leseni ya kijana mezani.

"Kosa limeshaandikwa nyuma ya leseni yako. Likija la pili, unanyang'anywa, na hakuna kijiji kitakachokununulia nyingine."

"Sasa mahindi atapeleka nani?"

"Mimi. Wewe utapakia magunia bila posho mpaka nusu yako iishe."

"Mzee! Hiyo ni miezi na miezi."

"Mitano," alisema Anyelwisye. "Nimeshapiga hesabu ambayo ulipaswa kuipiga wewe kabla hujawasha gari."