Claudine na Bireti ya Labo ya Baraka

Siku ya kwanza nilipoingia labo ya kemia ya chuo kikuu chetu hapa Baraka, chef de travaux, yaani mwalimu anayesimamia mazoezi ya vitendo, alinipa buluzi, koti jeupe la labo, lililonifika karibu na visigino. Wanafunzi walimwita Mama CT. Aliniambia kazi yangu ni kutayarisha dawa na vyombo, kisha kuwaacha wanafunzi washike wenyewe. Nilidhani hilo la pili ndilo jepesi.

Wengi walitoka mashule ambako asidi waliijua ubaoni tu. Watoto wa wavuvi wa Mboko waliponusa amoniaki walicheka, wakasema ni samaki wa juzi.

Kati yao alikuwa Claudine, binti wa wakulima waliokimbia Burundi. Kwa hesabu hakuna aliyemfikia. Lakini mapema mwaka ule alivunja bireti, ule mrija mrefu wa kioo unaodondosha dawa tone kwa tone. Tangu hapo hakugusa kitu. Wenzake walifanya, yeye akaandika. Mama CT alipogundua, alitangaza kwamba kwenye mtihani kila mtu atasimama mezani peke yake, na atakayeshindwa atarudia mwaka.

Claudine akaja kuniaga. Alisema anarudi kulima mihogo na wazazi wake. Nilijaza bireti nyingine maji ya ziwa, nikamwita karibu.

"Ni mayi tu," nilimwambia. "Ikivunjika, tutapanguza. Fungua, acha tone moja, funga."

Tulifanya hivyo kila mapumziko, mpaka akaweza kusimamisha tone huku akinisimulia habari za nyumbani kwao.

Mtihani ulikuwa kupima ukali wa siki. Kwa bireti unadondosha soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, ndani ya siki iliyotiwa dawa ya rangi. Ikigeuka waridi hafifu, unafunga papo hapo. Claudine alipitiliza. Chupa yote ikawaka waridi kali kama kitenge cha sikukuu. Alinitazama. Mikono iliniwasha kwenda kumsaidia, nikaifunga nyuma ya mgongo. Basi akaosha chupa, akaanza upya, na safari hii rangi ikaja polepole, ikatulia.

Mama CT akasogea. "Ile namba ya kwanza, unaiandika wapi?"

"Ilipita, Mama. Mi naona niiache."

"Usiifiche. Andika zote mbili, useme juu ya nini moja iko mubaya."

Akaandika zote mbili, akafaulu.

Sasa nimestaafu, ninalima maharage huku milimani Fizi. Claudine anafundisha kemia Kazimia. Juzi alipanda kunitembelea, akalalamika kwamba wanafunzi wakikosea mbele yake anatamani kuwapokonya chupa amalize mwenyewe. Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Nilimwambia Claudine avumilie. Hata mimi, miaka yote ile, sikuzoea.