Nilivyozikwa Ufukweni Mbele ya Mama Mkwe

Kwanza naomba jambo moja. Mkinikuta sokoni Bariadi na mama mkwe wangu yuko karibu, msinikumbushe habari za mchanga. Ni miaka mingi sasa, watoto wamekua na wana watoto wao, lakini wako watu pale Lamadi ambao mpaka leo wakiniona wanaulizana, "Huyu si ndiye yule marehemu?" na mimi nacheka nao, nitafanyaje, ila aibu naisikia mpya kabisa.

Yalianza kwa swali la bosi wangu. Enzi hizo soko la pamba ndiyo kwanza limefunguliwa, wanunuzi binafsi wanaingia vijijini na mizani zao, na mimi nilikuwa karani wa mmoja wao, bwana wa Mwanza mwenye tumbo na kauli nzuri. Msimu ulipoisha akaniuliza likizo naipeleka wapi familia. Nikamwambia nyumbani Migato, kwa wazazi, kama kila mwaka. Akasema, "Hiyo siyo likizo, hiyo ni kuhamisha kazi. Mama watoto anapumzika saa ngapi?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalijua. Kila tukienda Migato mke wangu, Minza, anaamka kabla ya kuku, anateka maji, anatwanga, anapalilia shamba la mama yangu, anapikia wageni wanaokuja kutusalimu, wakati mimi nimekaa kivulini na baba tukizungumza ng'ombe, halafu tukirudi mjini mimi ndiye ninayewaambia watu kwamba tumepumzika vizuri (na kweli nilikuwa nimepumzika). Kwa hiyo Disemba ile, shule zilipofungwa, nikamwambia tunakwenda ziwani, Lamadi, siku chache, watoto wacheze majini na yeye asishike kuni wala ndoo.

"Nani atapika?" akauliza.

"Wenye nyumba ya wageni."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

Nikasema, "Utakaa." Akacheka, akasema hiyo kazi hajawahi kufundishwa. Lakini jioni nilimwona ametoa gauni lake zuri anashona kifungo, nikajua ameitaka safari kuliko alivyosema.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa lenyewe, na lilikuwa dogo mno. Basi la Lamadi linapita njia panda ya kwenda kwao Minza, na sisi hatujawahi kupita pale bila kushuka kusalimia. Nikafikiri: tukishuka, atachinjwa kuku, kesho mbuzi, kuondoka siku hiyohiyo ni matusi, na kwa kuwa ni msimu wa kulima, Minza atakuwa ameshapewa jembe kabla hajavua viatu. Nikaamua tusishuke, tutasalimia wakati wa kurudi. Minza akasema, "Sawa. Ila mama akijua..."

"Atajuaje?" nikasema mimi, mwenye akili.

Basi liliposimama njia panda Minza akajifunika khanga kichwani, mimi nikainama, uso mikononi, kama mtu mwenye mawazo. Watoto hatukuwapanga. Kulwa na Doto, mapacha wetu, wakatoa vichwa dirishani na kumwamkia kwa sauti mama mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ambaye ni jirani wa bibi yao, na yule mama akatuangalia sote mpaka basi likaondoka. Tukapumua, tukadhani yamekwisha.

Lamadi palikuwa pazuri, nisidanganye. Jioni ile sahani za samaki zililetwa mezani, na tulipomaliza kula Minza akaanza kuzikusanya azipeleke jikoni, binti wa pale akampokonya kwa adabu, basi mke wangu akabaki amekaa na mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Asubuhi alilala mpaka jua likaingia dirishani. Nikawatoa watoto nje kwa kunyata. Baadaye akaja ufukweni, akatandika mkeka kivulini, akalala kifudifudi, akasinzia tena, na mimi nikamwangalia nikajiona mwanamume wa maana kuliko bosi.

Nilikuwa nimevaa kaptula ya kuogelea niliyoipata kwenye mitumba, nyekundu, fupi kupita kiasi, ambayo muuzaji aliniapia kwamba huko Ulaya hata watu wazima wenye heshima zao wanaivaa. Watoto wakaniomba wanifukie mchanga. Nikalala chali, nikajifunika taulo usoni kwa ajili ya jua, wakaanza. Doto akalalamika kwamba Kulwa anamwaga mwingi, nikawaamuru chini ya taulo, "Mmoja mmoja, kwa zamu, kiganja kimoja." Na kwa kuwa shughuli pekee waliyowahi kuona watu wakimwaga udongo kiganja kimoja kwa zamu ni ile mnayoijua, wakaanza na kuimba, zile nyimbo za taratibu ambazo kwaya huimba makaburini. Mchanga ulikuwa wa baridi, wimbo ulikuwa mzuri, nikaanza kusinzia.

Kumbe huku nyuma (haya niliyajua baadaye) muuza michembe alikuwa ameshafikisha habari, na mama mkwe akawa amekaa chini kuifikiria. Ni msimu wa kulima, kila mwenye mikono yuko shambani. Mtu amebeba mke na watoto wote na mabegi, amepita nyumbani kwa wakwe bila kushuka, mwanamke amejifunika kichwa, mwanamume ameshika uso. Kwetu watu hawasafiri hivyo kwenda kukaa. Wanasafiri hivyo kwenye msiba, au wanakimbiza mgonjwa na hawataki mama ajue. Hakulala. Alfajiri akawachukua dada zake na mjomba wa Minza, unga, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, wakadandia lori la samaki lililokuwa linarudi ziwani. Lamadi wakauliza mgeni wa Bariadi mwenye mapacha, mtu akawaonyesha ufukweni.

Sasa jiwekeni nyinyi mahali pake. Binti yako amelala kifudifudi hajitambui. Mkweo amenyooshwa chali, uso umefunikwa, na wanawe wanamwagia udongo wakiimba.

Nilisikia kilio nikadhani ni msiba wa watu wengine, nikawaonea huruma. Kisha nikasikia, "Baba Kulwa wee, wajukuu zangu unamwachia nani?" na sauti ile naifahamu ingawa mwenyewe huwa simwangalii usoni. Kwetu mama mkwe hapewi mkono, haliwi naye, ukikutana naye njiani unaingia majanini mpaka apite. Na mimi nilikuwa chini ya mchanga na kaptula ile.

Nikafikiri haraka: nikiinuka, ataniona. Nikitulia, Minza ataamka na kueleza. Nikatulia, na nadhani huo ulikuwa uamuzi mbaya kuliko ule wa basi. Minza aliamka kweli, lakini aliamka ameshikwa mikono na mama zake wadogo wanaolia, akaona mama yake amejitupa chini, akaona mimi nimefunikwa taulo, na mtu aliyetolewa usingizini hivyo anajua nini? Akadhani nimekufa yeye akiwa amelala. Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake tena. Wavuvi wakaja, wanawake wa dagaa wakaacha mabeseni yao, nikasikia mtu akiuliza kama nilizama. Mtoto wetu wa mwisho, Shija, binti aliyefuata mapacha, ndiye pekee aliyesema ukweli. "Baba hajafa, anajificha." Hakuna aliyemsikiliza.

Mjomba akasogea, akashika pembe ya taulo. Nikainuka.

Watu walikimbia, sitaki kusema zaidi, hata kuku akafunguka akakimbia nao. Mama mkwe peke yake hakukimbia. Alisimama, akaniangalia kuanzia mchanga wa kichwani mpaka kwenye ile kaptula, akageuka, akavua khanga yake ya juu na kuirusha nyuma bila kutazama. Nikajifunga. Mjomba akanipa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Ng'wangaluka, baba Kulwa," na mimi nikiwa nimevaa nguo ya mama mkwe nikaitikia, "Ng'wangaluka, mjomba," kama tumekutana gulioni.

Mpaka hapo mnaweza kucheka, na mimi hucheka. Kilichofuata ndicho sikicheki. Wageni walikuwa wametoka mbali, hawajala, na watu wa kwao hawawezi kuketi mezani kulishwa na mtu baki binti yao yupo. Minza akafuta machozi, akajifunga khanga kiunoni, akaomba sufuria na kuni kwa wenye nyumba. Nilisimama nyuma ya ukuta nikiwa nimevaa suruali na shati lililofungwa mpaka shingoni, nikamwona ameinamia moto anapuliza, moshi machoni, gauni lile zuri linapata masizi. Nilikuwa nimemwahidi kitu kimoja tu, asishike kuni. Nikasikia uchungu ambao hata aibu haikunipa.

Mama yake akaja akasimama karibu naye.

"Mwanangu, niambie ukweli. Nani anaumwa?"

"Hakuna, mayu."

"Sasa mmefuata nini huku?"

"Tumekuja kupumzika."

"Kupumzika nini, kama hamuumwi?"

Minza akasukuma kuni ndani. Akakoroga uji wa ugali, kisha akasema polepole, "Nimechoka tu, mayu. Nimechoka siku nyingi."

Nilidhani bibi yule atamgombeza, maana mwanamke wa kwetu kusema amechoka ni kama kusema ameshindwa. Badala yake akamtoa mwiko mkononi, akamwambia, "Nenda kalale basi." Lakini nani angelala mama yake anasonga ugali? Minza alikwenda kwenye mkeka, akakaa wima mpaka chakula kikaiva. Kesho yake tuliondoka wote pamoja, tukashuka njia panda, nikatoa mbuzi wa kufuta aibu, na mjomba akanieleza mbele ya wazee kwamba nkwilima, yaani mkwe, akiwa na safari zake za kizungu aage kwanza, ili watu wasiandae sanda. Kaptula niliichoma moto siku hiyohiyo.

Mwaka uliofuata tulishuka njia panda kabla ya kila kitu. Nikamtuma mjomba amweleze mama mkwe kwamba tunakwenda tena, hatuumwi, hakuna msiba. Jibu likarudi kwamba na yeye anakuja, akaione hiyo kazi ya kukaa.

Basi niliimaliza likizo ile nimevaa suruali ndefu, soksi na viatu, upande wa pili wa ufukwe kwenye mitumbwi, nikiwapungia watoto mkono kwa mbali. Sikulalamika. Mchana mmoja nikamwona Minza amesimama juu ya mkeka, mkono mdomoni. Akaja kwangu mbiombio.

"Mama amelala."

"Mwache alale."

"Hunielewi. Toka nizaliwe sijawahi kumwona mama amelala jua likiwa juu. Labda siku anaumwa."

Sikumcheka, maana nilikumbuka mimi mwenyewe nilivyozikwa pale kwa kulala. Mimi sikuweza kumsogelea mama mkwe, na Minza aliogopa kusogea, kwa hiyo tukamtuma Shija. Akaenda, akachuchumaa, akaweka sikio karibu na uso wa bibi yake, akakaa hivyo kitambo, na sisi tumeshikana mikono kule kwenye mitumbwi. Kisha akarudi anakimbia.

"Bibi anakoroma."

Minza akakaa mchangani karibu na viatu vyangu, akalia, na mimi nikamwacha alie. Alipomaliza alikwenda kujinyoosha pembeni ya mama yake, wakalala wote wawili. Mimi nikawaita watoto nikawaapisha palepale: katika ukoo huu hakuna tena kumfukia mtu mchanga, hakuna kupita njia panda bila kushuka, na atakayemwamsha bibi atanijua mimi ni nani.