Nilimtangazia paka wa mama mkwe kansa mwili mzima, kumbe katoka juani

Wakuu, za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ikwiriri, sijatia chumvi hata punje.

Mimi ni fundi sola, mtu wa Singida, nimeoa huku. Nina thermal camera, ile inayoonyesha joto kwa rangi, penye moto panatokea pekundu. Naitumia kutafuta waya zinazochemka.

Mama mkwe anauza ufuta. Mlinzi wa magunia yake ni paka mweupe pee, Tui. Tangu baba mkwe afariki, Tui ndiye mtu wake wa kuongea naye asubuhi.

Sasa Tui akatokwa na kidonda ukingoni mwa sikio. Mama akasema kapigana huko. Kila siku anampaka mafuta ya nazi, anamlaza juani kwenye turubai la ufuta ili kikauke.

Miezi inapita, hakikauki. Nami kubishana na mkwe siwezi.

Siku moja nikasoma mtandaoni kwamba paka weupe hupata kansa ya ngozi masikioni, na wataalamu wanajaribu kamera za joto kuigundua. Nikaona hapa ndipo pa kupatia sifa ukweni.

Nikamnyanyua Tui pale kwenye turubai, nikampiga picha. Paka mzima mwekundu, pua hadi mkia!

Nikamwambia mama ni kansa, imesambaa. Akakaa chini, akalia. Wakuu, nilijichukia.

Nikamwita daktari wa mifugo. Kuona ile picha, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu katoka juani, fundi. Mweke kivulini apoe."

Nusu saa baadaye tukapiga tena. Mwili umetulia, ila ukingo wa lile sikio bado unawaka. Daktari akasema kamera inaonyesha pa kutazama tu. Kansa inajulikana kipande cha nyama kikipimwa maabara. Akamchoma Tui sindano ya usingizi, akakata ule ukingo, akautuma Dar.

Majibu: kansa kweli, lakini imetoka yote. Mama alinikumbatia mbele ya majirani, mkwe mzima! Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza.

Sasa Tui ana sikio moja na nusu, jua la mchana marufuku, na panya bado wanamwogopa.

Nilichojifunza: kifaa kisikupe kiburi, na kidonda kisichopona kisizoeleke. Wenye paka weupe, kagueni masikio leo mtuambie.

Jana mama kaniita. "Baba, goti linaniuma, hebu nipige na mimi."

Nikamjibu, "Sawa mama, ila kaa kwanza kivulini."