Vitanda Sita vya Farao, Vitatu vya Mama

Siku nafunga begi Doha, mama alinipigia kutoka Tanga.

"Mwanangu, mgongo. Hiki kitanda cha kamba kitanimaliza. Nifungulie chumba nichukue kimoja."

Chumba chenyewe kiko nyumbani kwake, lakini nimekifunga mimi. Miaka tisa naendesha gari Qatar, na kila mzigo niliotuma kwa kontena umeingia humo kusubiri nyumba yangu iishe: vitanda vitatu, magodoro matatu, vikombe dazeni nne, vyote bado na nailoni yake. Ufunguo natembea nao.

"Vumilia, Mama. Vitachakaa bure. Limebaki bati tu."

"Bati ulilisema mwaka juzi," akajibu, akakata simu.

Nami nilikuwa na ndege ya kuwahi. Sabri, dereva mwenzangu Mmisri, alikuwa likizo kwao, na kwa miaka mitatu amenitambia farao wao kijana aliyezikwa na mali isiyo na idadi. Kitu kisicho na idadi hunikosesha usingizi. Nikaenda kuhesabu.

Cairo, asubuhi. Sabri alinipokea, nikapatana na mwenye teksi mpaka akaapa kwa watoto wake, tukaingia makumbusho ilikohamishiwa mali ya kaburi. Kinyago cha dhahabu kinakutazama hadi unataka kuomba radhi kwa viatu ulivyovaa. Lakini niliyemvulia kofia ni aliyefunga ule mzigo. Magari sita ya farasi hayakupita mlangoni mwa kaburi. Wakakata mihimili kwa msumeno, wakayaingiza vipande vipande. Fimbo za kutembelea mia na thelathini, za mtu mmoja. Nguo za ndani. Bao la kuchezea. Nyama ya bata, kila kipande na kisanduku chake.

Halafu visanamu mia nne na kumi na tatu vya kumfanyia kazi akhera. Sabri akanichambulia: vibarua mia tatu sitini na tano, mmoja kwa kila siku, wasimamizi thelathini na sita, na wakubwa wao kumi na wawili, mmoja kwa mwezi. Nikajumlisha mara mbili. Ni sawa.

"Yaani hata akhera kuna supavaiza?"

"Na supavaiza wa supavaiza, ya habibi. Kampuni yetu unadhani iliiga wapi?"

Mwisho nikafika kwenye vitanda. Sita. Kimoja kinakunjwa mara tatu kwa bawaba za shaba, cha safari. Nilipiga magoti kukagua bawaba zile mpaka mlinzi akakohoa. Kazi safi ajabu.

Luxor, siku ya pili. Kaburi lenyewe ni vyumba vinne vidogo. Nilipima kwa hatua, nikarudia. Kuta za chumba cha maziko zimechorwa, rangi bado inang'aa kama fundi ametoka kwenda kunywa chai.

"Na ile laana, kwamba waliolifungua walikufa?" nikauliza.

"Babu yangu alibeba vikapu vya udongo hapa. Laana ilimpata ana miaka tisini, kwa kupenda baklawa tamu."

Ndipo nikamwona farao. Amebaki peke yake, ndani ya kisanduku cha kioo, shuka mwilini, miguu nje. Hana hata mto. Vitanda sita viko Cairo, vinatazamwa.

"Unafanya nini hapo?" Sabri akauliza.

"Nahesabu."

"Nini tena, bakhili wee?"

"Vitanda vya mama yangu."

Doha, Ijumaa. Nilifika chumbani kwetu madereva, Umm Salal nje kidogo ya jiji, nikapiga simu kabla sijavua viatu. Alipokea dada yangu Zaina, anayeishi na mama.

"Ita fundi avunje kufuli."

"Kufuli lipi? Lile ulilosema atakayeligusa utamlaani?"

"Hilo hilo. Toeni vitanda vyote. Na vikombe."

Mama akachukua simu. "Na nyumba ikiisha, mwanangu?"

"Itaisha na vitanda vilivyolaliwa, Mama."

Sikukata simu mpaka fundi akafika. Nikasikia nyundo mara nne, kisha nailoni ikichanwa, muda mrefu, maana niliifunga mwenyewe, mara mbili. Kisha kimya.

"Mama? Mama, upo?"

"Ngoja kwanza," akasema. "Nimelala."