Beki Mreno na Goti Lake

Juzi kwenye kliniki moja ya Plano, hapa Texas, nilikaa kando ya Mreno, beki aliyezunguka timu ndogo za nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akanisalimu: "Mambo, kaka?" Alikuwa amelishika goti lake kwa mikono miwili.

"Madaktari wakisema goti limekwisha, mkataba umekwisha. Sijui kazi nyingine."

Nesi Mkenya akamwita. Hakuinuka.

"Dada, ngoja kidogo."

"Njoo tu, nitakushika mkono."

Alirudi macho yakiwa mekundu. Daktari alikuwa amemwambia atatembea vizuri, ila mpira basi.

"Kaka," akaniuliza kwa sauti ndogo, "mtu anaanzaje upya?"

Wasomaji, huku Texas sisi wahamiaji karibu sote tulianza upya. Nyinyi mngemjibu nini?