Shamba Chini ya Misonobari

Bi Keziah Tuttle hakuwa mtu wa kubabaishwa na mchoraji. Tangu wachoraji waanze kumiminika New Hampshire kuchora Milima Myeupe, alikuwa ameshawapangisha kumi na mmoja nyumbani kwake, akawalisha maharage na pai, akawafulia mashati. Rangi ya mafuta ilimtoa jasho mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo alijua: ikiwa mbichi, tambara lenye tapentaini huitoa yote; ikishakauka, ndiyo basi tena.

Mume wake, Asahel, alitumia miaka ishirini na sita kung'oa visiki na mawe mpaka chini ya mlima pakawa na shamba la nyasi. Alifariki mwezi Februari. Kwa hiyo mchoraji Lysander Thorne aliporudi kiangazi kumalizia picha aliyoianza mwaka uliotangulia, Bi Keziah alitaka kitu kimoja tu: shamba la Asahel lionekane huko New York, picha ilikokuwa ikienda kuuzwa.

Jumamosi aliingia chumbani kwa Lysander na sahani ya maharage, akatazama picha. Mlima ulikuwepo, umerefushwa kidogo kama kawaida ya wachoraji. Shamba halikuwepo. Palisimama msitu wa misonobari.

"We Lysander, shamba langu umelipeleka wapi?"

"Mama, mnunuzi anataka pori. Mlima ambao haujaguswa na mtu."

"Haujaguswa! Mikono ya mume wangu ilipasuka mpaka nikawa namfunga viatu mimi. Wewe umemrudishia miti yote kabla hata ya chakula cha mchana!"

"Nimeipaka asubuhi hii, bado mbichi, tafadhali usije uka..."

Kumwambia Bi Keziah kwamba rangi ni mbichi! Alilowesha tambara tapentaini, akafuta kwa mkono mwepesi wa mfuaji mzoefu. Lysander alipiga ukelele, akashika kichwa. Msitu ukatoka. Chini yake rangi ya mwaka jana ilikuwa imekauka vizuri, wala haikubanduka: nyasi zilizokatwa, ukuta wa mawe, na pembeni mtu mdogo asiyezidi kidole, kofia imeelemea sikio, ameinamia fyekeo.

Bi Keziah hakuwa na habari kwamba Asahel alichorwa. Alilia palepale, bila kuona haya. Kisha akamkabidhi Lysander tambara.

"Bado mguu wake wa kushoto umefunikwa," akasema. "Futa polepole."